Breka ya Kumi na Moja

Imekata tena.
Msumeno uliguna, ukapunguza mwendo, ukanyamaza
katikati ya ubao, meno bado yameuma mcheri.
Redio nayo kimya.
Imebaki taa ya jikoni tu, inayomwagika dirishani
juu ya theluji ya Tracadie, iliyofika kiunoni mwa uzio.

Nilivua glavu. Hatua kumi na tatu
hadi kwenye sanduku la swichi, nyuma ya makoleo.
Breka ya kumi na moja imesimama katikati,
si juu si chini,
kama mtu aliyeulizwa swali akatazama pembeni.

"Usiirudishe papo hapo," Évariste alizoea kusema,
enzi zile kabla hajahamia Moncton
kwa yule mwenye duka la rangi.
"Breka haikati kwa chuki.
Iulize kwanza imechoshwa na nini."
Mume hovyo, lakini kwa umeme alisema kweli.

Basi nikauliza.
Nilifungua mota ya msumeno, nikapuliza vumbi,
nikaweka kiganja: vuguvugu, basi.
Asubuhi hukata mbao tano bila kukohoa.
Kifyonza vumbi nikakihamishia soketi ya jikoni.
Ule waya wa kurefushia, wa rangi ya chungwa,
mwembamba kama ahadi, nilioununua kwa bei ya kutupa,
nikautupa kweli.
Nikanunua breka mpya. Nikazima swichi kuu,
tochi nimeiuma kwa meno, nikabadilisha.
Alhamisi, mpya ikakata.
Mgeni kashika mila za mwenyeji.

Ndipo nikaona kwenye daftari, kati ya hesabu za makasia
(mawili ya Landry, moja la padri, yote yatakiwa barafu ikiyeyuka),
kwamba nimeandika saa ileile siku nne:
kumi na dakika ishirini, kumi na dakika ishirini na tano.
Umeme una saa?

Ijumaa nilichomoa kila kitu.
Msumeno, redio, chaja, hata taa ya benchi.
Nikaibana mita yenye taya kwenye waya wa kumi na moja
nikakaa juu ya ndoo, nikangoja.
Sifuri.
Sifuri.
Nje, mlango wa gari. Buti kwenye ngazi za nyuma.
Kisha, mashine zote zimelala, hakuna anayekula,
mita ikapanda:
ampea kumi na mbili na nusu.

Nikaufuata waya kwa macho.
Unapanda ukutani, unapita boriti,
unatoboa dari, unaingia chumba cha juu
ninakomlaza Rosaire, mtoto wa marehemu dada yangu,
aliyerudi kutoka Alberta na begi moja
na kila siku huenda kuuliza kazi, hurudi bila habari.
Wiki ya kwanza nilimuuliza mezani:
huko juu huna baridi?
"Hapana, mama mkubwa." Na koti hakulivua.

Hita. Ya kuazima, pengine, au ya jalalani.
Anaiwasha akifika, labda anaizima akisikia nyayo zangu.
Mdomo ulisema hapana.
Waya haukujua kudanganya.

Sikupanda ngazi.
Jumatatu, akiwa mjini, nilimwita Gaëtane Roussel, fundi mwenye leseni.
Alitazama, akacheka kidogo: "Mzigo si mkubwa.
Umebebeshwa njia moja na mwenzake, tu."
Akavuta laini mpya hadi juu.
Alinitoza bei ya makasia mawili. Nililipa bila kupunguziwa.
Kwenye kibandiko, mbele ya namba kumi na nne,
niliandika kwa penseli ya seremala: Rosaire.

Jioni alikuja kuchukua koleo.
Nilisikia mlango wa sanduku, ambao nilikuwa nimeusahau wazi,
au nimeuacha.
Alisimama pale muda wa kuvuta pumzi tatu.
Kisha akaja na koleo mkononi, theluji hajaigusa,
akauliza kama mcheri hukatwa kwa kufuata nyuzi au kuzivuka.

"Lete mikono," nikamwambia. "Shika upande ule."